Kwani Roho Mtakatifu anaumwa?

SWALI: Shikamoo Baba Mchungaji. Juzi kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba tulisoma Warumi 8:26, kwamba Roho hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Mwanangu wa miaka minane akadakia: "Mama, kwani Roho Mtakatifu anaumwa?" Watu wakacheka, mimi nikakosa la kumjibu. Kiongozi wetu akasema huko ni kunena kwa lugha, tukaendelea na wimbo. Kigiriki chenyewe kinasemaje?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mtoto mnunulie andazi. Nimefundisha Kigiriki miaka mingi na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza hivyo. Biblia ya Union, iliyotoka 1952, inatumia "kuugua" kwa maana ambayo leo imebaki kwa sisi wazee: kutoa sauti ya mtu aliyelemewa. Kwa mtoto wa siku hizi, anayeugua yuko wodini.

Neno la Paulo ni stenagmos, na kitenzi chake ni stenazo. Nomino hiyo imo mara mbili tu katika Agano Jipya: hapo, na Matendo 7:34, Stefano anaposimulia jinsi Mungu alivyosikia kuugua kwa Waisraeli kule Misri. Ndilo neno lililomo katika Kutoka 2:24 ya Kigiriki cha kale. Kitenzi nacho hubadilika sura: Yesu mbele ya yule kiziwi katika Marko 7:34 "akaugua" (mimi ningesema alishusha pumzi), lakini katika Yakobo 5:9 kitenzi hichohicho kimekuwa "msinung'unikiane".

Kwa Warumi 8, neno letu zuri kuliko yote ni kite. Mama yangu alikuwa mkunga wa jadi milimani Lushoto, na ukuta wa udongo hauzuii sauti. Usiku tulimsikia mzazi akipiga kite. Si kilio, wala si maneno. Mama hakumuuliza kitu. Alikaa akisikiliza, na kite kilipobadilika alituamsha tukachochee moto. Sasa soma mstari wa 22: viumbe vyote vinaugua pamoja "navyo vina utungu pamoja". Kigiriki cha utungu huo ni cha uzazi hasa. Mstari wa 23 na sisi tunaugua, na wa 26 Roho naye yumo.

Je, ni kunena kwa lugha? Mtaalamu wa Kijerumani Ernst Käsemann aliona hivyo, kwa hiyo kiongozi wenu hayuko peke yake. Mimi simfuati. "Kusikoweza kutamkwa" ni alaletos, neno ambalo Agano Jipya halina tena mahali pengine. Ndani yake mna laleo, kunena, likiwa limekanushwa. Na Paulo anapotaja kunena kwa lugha hutumia laleo hiyohiyo. Sioni kunena kunaingiaje penye kutonena.

Ila usichukue kila "kuugua" cha Biblia yetu ukadhani ni hiki. Yohana 11:33, kabla ya kufika kaburini kwa Lazaro, Yesu "aliugua rohoni", lakini Kigiriki ni embrimaomai, neno ambalo Wagiriki walilitumia hata kwa farasi anayefoka puani. Mna hasira mle.

Huyo mdogo mwambie hivi: hapana, haumwi. Unakumbuka wewe na baba mlipoinua gunia la mkaa, kila mmoja upande wake, mkaguna wote wawili? "Hutusaidia" ya mwanzo wa mstari huo wa 26 ni kushika upande wa pili wa mzigo, na ndiyo kauli ya Martha katika Luka 10:40, kazi ilipomzidi, akitaka Mariamu aambiwe aje amsaidie.