Maswali yenu: Baridi inayopasua mabomba

SWALI: Mwanangu anasoma Houston, Marekani, na amepanga nyumba na mwenzake. Wametangaziwa siku tatu za baridi ya chini ya sufuri. Nimemwambia avae masweta. Kuna la ziada? — Mama wa mwanafunzi, Buruburu

JIBU: Masweta ni sawa, mama, ila kitakachomtesa zaidi ni maji. Julai yetu hapa ikishuka hadi nyuzi 10, bomba halina habari. Houston ilijengwa kwa ajili ya joto, kwa hiyo mabomba mengi hupita darini au kwenye ukuta wa nje, bila kufunikwa vya kutosha. Ikifika nyuzi 7 chini ya sufuri, hayo yako hatarini. Februari 2021 ilishuka karibu 10 chini ya sufuri, na umeme ukapotea katika mamilioni ya nyumba Texas.

Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Hata hivyo, mara nyingi bomba halipasuki palipo na barafu. Linapasuka kati ya barafu na mfereji uliofungwa, kwa kuwa maji yaliyobanwa hapo hayana pa kwenda. Basi aache mifereji ikitiririka, ya moto na ya baridi, uzi mwembamba kama ncha ya penseli, hasa mfereji ulio mbali zaidi na mita ya maji. Milango ya kabati chini ya sinki iwe wazi ili joto la chumba liingie. Nje, achomoe mpira wa kumwagilia, maana ukibaki unazuia maji ndani ya mfereji. Kisha auvishe mfereji taulo kuukuu na mfuko wa plastiki juu yake.

Vali kuu, ile inayofunga maji ya nyumba nzima, aitafute leo. Huenda iko kwenye sanduku la mita karibu na barabara na ina ufunguo wake. Mwenye nyumba aulizwe. Akilazimika kufunga maji na kumwaga yaliyomo, azime kwanza swichi ya hita ya maji ya umeme: elementi, ile inayopasha maji, ikiwaka tangi likiwa tupu, inaungua mara moja.

Ya kunywa na kupikia ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Wawili kwa siku tatu, lita 24. Ya chooni ajaze kwenye beseni la kuogea. Mtoto wa Nairobi hafundishwi mgao.

SWALI: Na bomba likishaganda? — Fundi mwanafunzi, Kariobangi

JIBU: Fungua mfereji, kisha tumia kikausha nywele ukianzia upande wa mfereji kurudi nyuma, maji yanayoyeyuka yapate njia. Moto wa gesi usiuguse, unachoma nyumba.

SWALI: Umeme ukipotea, si awashe makaa ndani kama sisi? — Msomaji, Kangemi

JIBU: Asiwashe, nawe acha. Makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi, ndiyo yanayodanganya watu: bado yanatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Texas mwaka ule kuna waliokufa kwa hewa hiyo, wakitafuta joto. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi ukielekezwa mbali na madirisha; gari lisiwashwe ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi.

Walale chumba kimoja, taulo chini ya mlango, nguo nyepesi tatu badala ya moja nzito. Kengele ya kaboni monoksaidi inunuliwe, ya betri. Wawili wakiumwa kichwa au kusikia kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje hapohapo, ndipo wapige simu.