Jibu: Varoa kwenye kundi dogo la nyuki

Ndugu yangu wa Kisauni, umeuliza utie dawa gani baada ya kuona varoa, yaani utitiri mwekundu, migongoni mwa nyuki, na kundi limebaki fremu 3 tu (zile mbao za kushikia masega). Nakusihi, hesabu utitiri kwanza.

Chota nusu kikombe cha nyuki, kama 300, kutoka sega lenye majana (watoto wa nyuki). Hakikisha malkia hayumo! Watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, ongeza vijiko 2 vya sukari ya unga, wazungushe taratibu dakika moja, wapumzishe kidogo, kisha kung'uta ile sukari kwenye sahani nyeupe yenye maji. Utitiri utauona waziwazi. Nyuki warudishe mzingani, wenzao watawalamba.

Utitiri wakiwa chini ya 9, mimi nisingetia dawa. Nyuki wetu wa Afrika huistahimili varoa kuliko wale wa Ulaya. Wakizidi, kata masega ya madume yaliyokwisha kufunikwa, kwani utitiri hupenda kuzaliana humo. Dawa ya asidi ya fomiki iache kabisa: joto likipita nyuzi 29 inaweza kuua malkia, na Mombasa hii unaijua. Ya oksaliki nayo haifikii utitiri uliojificha ndani ya majana yaliyofunikwa.

Ila nahofia zaidi siafu, nondo wa nta na njaa. Ondoa fremu tupu, punguza mlango, paka grisi miguu ya stendi, wape maji ya sukari jioni. Wala usiwafungue kila siku, watahama. Ukishahesabu tuambie, na kama malkia bado anataga.