Mkuu, usiformati hiyo hard disk kwanza

Mkuu, subiri hapohapo. Umesema una GB 300 za video za kwaya na picha za studio, hard disk imejaa, unataka DVD raita (kifaa cha kuchomea diski) ya USB ya bei poa, kopo la diski 100 lisilo na jina, uchome zote "kwa spidi ya mwisho" kupitia USB habu (kile kigawanya tundu la USB), halafu uformati hiyo hard disk ipokee harusi za Desemba. Ukauliza raita gani nzuri, diski gani, stika zinafaa au la, na uzitunze wapi. Mimi nimekwama kwenye hilo neno kuformati, mengine nitayagusa nikikumbuka.

Programu ikikuandikia kwamba kazi imekamilika, maana yake imemaliza kutuma data na raita haikulalamika. Kama diski inasomeka, hilo bado halijulikani. Raita haijui imeandika nini mpaka irudi kusoma, na tiki ya uhakiki ndiyo ya kwanza watu kuiondoa, eti inachelewesha.

Kisha unakuja uhakiki wa kujifurahisha. Mtu anafungua folda, anaona majina yote, anabofya video ya kwanza, inacheza, anafuta. Diski huandikwa kuanzia ndani, jirani na tundu, kuelekea ukingoni. Orodha ya majina na faili za mwanzo ziko ndani, eneo ambalo hata raita mbovu huliandika vizuri. Balaa liko ukingoni: diski za bei ya kutupa, rangi yake inayoandikwa data haipakwi sawa huko, ukingo huyumba kuliko katikati, na spidi ikiwekwa ya mwisho raita hufikia kilele chake hukohuko. Video ya mwisho ndiyo inayoganda, na hiyo hakuna anayeibofya. Na ukihakiki bila kuitoa diski, kompyuta inaweza kukusomea kilichobaki kwenye kumbukumbu yake. Toa diski, irudishe, ndipo usome.

Hata ukisoma yote, ukisoma kwa raita ileile iliyochoma umepata nusu ya jibu. Kila DVD ina makosa, hata iliyo bora. Mfumo wa kurekebisha makosa huyasahihisha kimyakimya. Kiwango cha DVD kinaruhusu makosa ya PI (yale madogo ambayo draivu huyasahihisha yenyewe) hadi 280 kwa kila bloku 8 zinazofuatana. Diski yenye 20 na yenye 270 zitacheza leo sawasawa, kompyuta haitakunong'oneza kitu. Ila ya 270 haina akiba. Joto la miezi michache, mikwaruzo miwili, lenzi iliyochoka ya draivu ya mtu mwingine, na faili limekwenda. Raita iliyoichoma yenyewe huivumilia. Siku ikifa, ndipo unajua ulikuwa na diski zinazosomeka na mashine moja tu duniani.

Kwa hiyo sheria ni hii, na ukisahau mengine yote shika hii: diski haijawa nakala mpaka isomwe yote kwenye draivu nyingine na ilingane na faili asili. Kwenye Windows tumia programu ya ImgBurn: tengeneza ISO (faili moja lenye nakala ya diski nzima) kwanza, choma, hamishia ISO na diski kwenye kompyuta nyingine, chagua Verify, iambie ilinganishe na hiyo ISO. Kwenye Linux tengeneza orodha ya alama za kulinganishia faili kwa amri ya sha256sum kabla ya kuchoma, iweke ndani ya diski, halafu kwenye mashine ya pili endesha sha256sum -c. Isome pia kwa sikio: draivu ikipunguza spidi ghafla, ikivuma na kurudiarudia mahali pamoja, diski hiyo ni dhaifu hata kama imepita. Choma nyingine. Hard disk haiguswi mpaka diski ya mwisho ipite, na zikiwa nakala mbili mbili.

Sasa niwaseme hawa. Wauzaji wanaokuapia kwamba kopo ni "orijino, linakaa miaka 100" kwa sababu imeandikwa kwenye kava, wakati kava linachapishwa na yeyote mwenye printa. Na wale wa video za dakika tano: anachoma diski moja, anafungua folda, "imekubali wakuu, like na subscribe". Imekubali nini? Umeona majina!

Jina la kwenye kopo si la kiwanda. Nunua diski chache kwanza, weka moja kwenye raita, na ImgBurn itakuonyesha upande wa kulia kodi ya mtengenezaji (yaani msimbo unaotaja aliyeitengeneza); kwenye Linux ni dvd+rw-mediainfo. MCC 004 kwa DVD+R au MCC 03RG20 kwa DVD-R ni zile za Verbatim AZO (AZO ni jina la rangi yao), ambazo nazikubali. Kopo la Verbatim likionyesha CMC MAG badala ya MCC, umepata daraja lao la chini. Verbatim yenyewe iko chini ya kampuni ya CMC tangu 2019, kwa hiyo usishangae. Kodi nazo huigizwa, ndiyo maana nasema uhakiki kwanza. Anayekuuzia diski za kampuni ya Taiyo Yuden "mpya kutoka kiwandani" muulize kiwanda kipi, maana walitoka kwenye biashara ya diski mwisho wa 2015.

RW, zile za kufuta na kuandika upya, usiguse kwa kuhifadhi. Za leya mbili nazo achana nazo. DVD ya kawaida ijaze mpaka GB 4.2 hivi, ukingo uuache mtupu. Kwa GB 300 hapo ni diski 72, na nakala mbili ni 144, kwa hiyo hilo kopo la 100 halitoshi hata likiwa zuri. Hesabu hiyo ndiyo inayowapeleka watu kwenye Blu-ray ya GB 25: ukiweka GB 23, ni diski 14 tu. Ila hakikisha si LTH. Hizo zinatumia rangi ya kikaboni kama DVD. Na wale mtakaokuja na "weka cloud", karibuni, mmnunulie bando la kupandisha GB 300.

Raita, ehe. Nyembamba ya USB inatosha kama utaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, na draivu hizi zikichoma huvuta zaidi ya hapo. Kwenye habu isiyo na umeme wake diski inaharibika katikati ukaanza kulaumu diski. Tafuta yenye waya wa vichwa viwili, na uchome kwa spidi ya 4x, kama dakika 14 kwa diski iliyojaa. Ukiwa na desktop, raita pana ya SATA ya mtumba ni bora zaidi kwa bei hiyohiyo; hapo 8x ni salama. Nunua na ya pili, hata kuukuu, iwe ya kusomea.

Stika usibandike. Andika kwa maka peni isiyo na spiriti, kwenye duara la plastiki la katikati.

Ukishaweka diski moja kwenye raita, leta hapa kodi iliyotokea kabla hujalipia kopo zima.