Bastola kiunoni Jumapili: nilibeba miaka minne, nikaacha

Ndugu mtoa mada, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema leseni unayo, bastola unayo, na kanisa unalosali huko Bamburi limeanza kukagua watu mlangoni kwa kile kirungu kinacholia. Sasa unauliza: uingie nayo kimya kimya kwa mlango wa kwaya, uiache garini, au umwambie mchungaji? Waliotangulia kukujibu wamegawanyika. Nusu wamekurushia mistari ya kukataza upanga, nusu wamekukumbusha kwamba Petro alikuwa nao. Hapo siingii. Mimi nitakwambia yaliyonipata kiunoni mwangu.

Kazi yangu ni ya uwakala wa forodha, mizigo ya bandarini. Siku moja nilifuatwa na watu wawili wa pikipiki tangu benki hadi Mikindani, wakachukua ujira wa vibarua wote wa wiki na kuniachia jeraha la nyuzi sita kwenye paji. Ndipo nikaomba leseni. Fomu, alama za vidole, cheti cha tabia njema, mahojiano, watu kuja nyumbani kuangalia sefu imefungwa ukutani kweli au ni ya maonyesho. Unayajua haya, umeyapitia.

Kanisani sikuwa naingia nayo. Nilianza baada ya Likoni. Tarehe 23 Machi 2014, Jumapili asubuhi, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja dogo kule ng'ambo ya feri wakamimina risasi kwa waumini. Watu wanne walikufa siku hiyo, wengine wakafia hospitalini. Mtakumbuka yule mtoto mdogo: risasi ilipita kwenye mwili wa mamake ikaenda kukwama kichwani mwake. Mama alikufa. Mtoto alipelekwa Nairobi, hospitali ya Kenyatta, wakaitoa. Picha yake ya eksirei ilizunguka kila simu ya Mombasa. Ushike hapo kwenye risasi kupita mwili mmoja na kuingia mwingine, nitaparudia.

Hofu wakati ule haikuwa ya mtu mmoja mmoja. Miezi michache kabla, Oktoba 2013, kanisa lilichomwa Majengo, wachungaji wakauawa, na viongozi wa makanisa wa hapa hapa Mombasa wakasimama hadharani kuiomba serikali iwape makanisa AK-47. Watu wa bara walicheka. Sisi hatukucheka. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata Likoni nilivaa shati la kitenge, pana, nje ya suruali, bastola kwenye ala ubavu wa kulia nyuma kidogo ya nyonga, nikaenda ibada ya pili na mke wangu na watoto. Nilijiona nimefanya la kiume.

Jambo la kwanza ambalo hakuna aliyeniambia ni joto. Kubeba bastola kwa siri Mombasa, Februari, katika kanisa la mabati lenye panka tatu ambazo mbili ndizo zinazozunguka, si siri. Shati linalowa, linagandana na mgongo, na kitako cha bastola kinajichora kama vile umemeza nyundo. Ukivaa koti, ndiyo mbaya zaidi: mtu wa koti Mombasa mwezi huo ama ni wakili ama ni bwana harusi. Halafu mabenchi yetu ni ya mbao. Ukikaa bila kujipanga, chuma kinagonga: ko! Mzee wa mbele anageuka. Ukienda kupiga magoti kwenye Meza ya Bwana, shati linapanda, na nyuma yako kuna safu nzima ya watu waliofumbua macho. Nilijifunza kupiga magoti nimekaza kiwiko ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa. Ibada nzima akili iko kiunoni. Mahubiri ya miaka hiyo minne ukiniuliza, sina hata moja.

Kuna mama mmoja wa Chama cha Kina Mama, mtu mzima, tulikaa naye benchi moja miaka saba. Wakati wa kupeana amani yeye hapeani mkono, anakumbatia. Nilikuwa nimezoea kumpa ubavu wa kushoto. Siku hiyo alinijia kulia, kwa sababu mtoto wangu alikuwa amesimama kati. Mkono wake ukazunguka, ukatua pale pale, ukasimama.

"Mwanangu, hii nini?"

"Simu, mama."

Akaniangalia. "Simu nzito hiyo."

Hakusema kitu kingine, wala hakumwambia mtu, maana ningesikia. Jumapili iliyofuata alikaa upande wa pili wa kanisa, na ile nyingine vile vile. Nilikuwa nimebeba kile kitu ili watu kama yeye wakae salama, na yeye ndiye wa kwanza kunikimbia. Isitoshe nilimdanganya ndani ya kanisa, tena wakati wa amani.

Hata hiyo haikunitosha kuacha. Kilichoniachisha kilichukua sekunde tatu, labda nne.

Ilikuwa mwaka 2018, wakati wa sadaka. Kwaya inaimba, watu wako kwenye foleni kuelekea mbele. Nje, barabarani, bodaboda ikapiga mshindo. Ule wa ekzosi, paa!, mmoja, halafu wa pili. Kwaya ikakatika. Mama mmoja akapiga yowe, foleni ikalala chini kama majani. Mimi mkono ulikuwa tayari chini ya shati, vidole vimeshika kitako, nimegeuka mlangoni.

Mlango wetu mkubwa unatazama mashariki. Asubuhi, ukiwa ndani, humwoni aliyesimama mlangoni, unaona kivuli cheusi tu na jua nyuma yake. Kivuli kilikuwa pale, mwanamume, ameshika kitu mkononi. Nyuma yake, kwenye baraza, ndipo shule ya Jumapili inapokaa. Na kati yangu na yeye kulikuwa na vichwa, mabega, mtoto aliyesimama juu ya benchi analia.

Kivuli kikaingia ndani, kikawa mhudumu wetu wa mlangoni. Alichoshika ni kikapu cha sadaka. "Ni pikipiki! Ni pikipiki tu, jamani!"

Bastola haikutoka kwenye ala. Mke wangu peke yake ndiye aliyeona mkono wangu ulipokuwa. Kwaya ikaanza tena ubeti ule ule, watu wakacheka kicheko kile cha woga. Mimi nilikaa nikapiga hesabu. Kama yule angekuwa muuaji kweli, ningempiga kutoka wapi? Kushoto kwaya, mbele foleni, nyuma yake watoto thelathini kwenye mikeka. Risasi ya bastola haisimami kwa kuwa imempata mwenye dhambi. Inapita, kama ile ya Likoni. Na aliyesimama gizani, mwenye bunduki, asiye na sare, ni mimi. Askari wa nje akiingia mbio, wa kwanza kulengwa ni nani? Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi lililoshambuliwa na magaidi mwaka 2013, raia wenye leseni waliingia na bastola zao wakaokoa watu, hilo ni kweli na wanastahili heshima. Lakini mle mle, afisa wa kikosi cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe. Hao wana sare na redio. Mimi nina shati la kitenge.

Najua kuna mtu atanitajia Texas, maana kila mjadala huu ukianza video ile inaletwa. Sawa, tuiseme yote. Mji wa White Settlement, tarehe 29 Desemba 2019: mtu alitoa bunduki ndani ya kanisa, akaua waumini wawili, na muumini mmoja, Jack Wilson, akampiga risasi moja. Yote ilikuwa kama sekunde sita. Wanaoileta husahau kusema kwamba Wilson alikuwa mwalimu wa kulenga shabaha, aliwahi kuwa askari polisi wa akiba, alikuwa katika kikosi cha usalama cha kanisa hilo, na wenzake walikuwa wakimtazama mgeni yule tangu mapema kwa sababu walimshuku. Sheria ya jimbo lao inaruhusu, na kanisa lilijua. Na hata hivyo, wawili walishapigwa risasi kabla yake hajafyatua. Pia angalia mwisho wa video: waumini kadhaa wanatembea na bastola juu kati ya mabenchi. Mimi nikiiona naomba tu asitokee wa kupiga mshindo barabarani.

Mfano wa kwetu uko karibu zaidi. Garissa, tarehe 1 Julai 2012, kanisa lilikuwa na polisi wenye bunduki mlangoni. Washambuliaji walianza na wao, wakawaua, wakachukua bunduki zao. Kwa hiyo bunduki peke yake, hata ya serikali, si ukuta.

Wiki ile nilimwendea kasisi nikamwambia yote, pamoja na miaka minne ya kuficha. Alikasirika, na alikuwa na haki. Akaita wazee wa kanisa, na mmoja wao, fundi seremala, akauliza swali ambalo mimi na leseni yangu hatukuwa tumelifikiria: mlango wa pembeni unafunguka? Tukaenda kuuangalia. Ulikuwa na kufuli la nje, limeshika kutu. Liliwekwa tulipoibiwa maikrofoni, na ufunguo hakuna aliyejua uko wapi. Watu mia tatu na kitu, mlango mmoja. Ningerushiana risasi na mtu katika mlango huo mmoja huku wengine wote wakikanyagana kwenye ukuta! Kufuli lilikatwa kwa msumeno siku hiyo hiyo. Watoto wakahamishwa kutoka barazani kwenda chumba cha nyuma. Ukaguzi ukahamia geti la nje, mbali na watu, na magari yakaacha kuegeshwa ukutani.

Sasa swali lako. Mlango wa kwaya hapana. Wakikugundua, wewe ni mtu aliyekwepa ukaguzi akiwa na silaha, na leseni mfukoni haitazuia watu kukurukia, wala polisi kukubeba. Garini hapana kabisa. Magari yanavunjwa vioo nje ya makanisa kila mwezi, wezi wanajua ibada inaisha saa ngapi, na silaha ikiibiwa ni wewe utakayeeleza kituoni kwa nini haikuwa kwenye sefu. Mwambie mchungaji ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu, na mwite anayesimamia usalama asikie. Wakikataa, kanisa ni lao, iache nyumbani. Nitashangaa wasipokataa.

Wakikubali, basi si ya siri tena: askari wa getini akujue kwa sura, ukae benchi la nyuma ukutani, watoto wako wakae na mama yao na si mapajani pako, na ala iwe inayofunika kifyatulio chote. Chooni usiivue ukaiweka juu ya tangi. Ndiyo, namjua aliyeisahau. Alikumbuka katikati ya matangazo, na sijawahi kuona mtu akikimbia vile akiwa na tai.

Mimi yangu bado ninayo, naihuisha leseni kila mwaka, natembea nayo siku za kulipa vibarua. Jumapili inalala kwenye sefu. Nimewekwa getini, mimi ndiye mwenye kile kirungu kinacholia. Mwezi uliopita alikuja kijana nadhifu, mgeni, akainama sikioni mwangu kabla sijamkagua: "Mzee, nina mzigo. Leseni hii hapa." Nikamshukuru kwa kusema, nikamweleza utaratibu wetu. Hakubisha. Akageuza gari kurudi Nyali kuuweka mzigo nyumbani, nami nikamshikia kiti karibu na panka linalozunguka. Na foleni ya Jumapili pale darajani mnaijua. Alirudi shati limelowa, anahema, sadaka ikishapita.