Sogeza betri kwanza, risasi baadaye

Kaka, kama ndege yako ndogo ya rimoti ya kilo moja inazamisha pua kila ukiigeuza chali, usikimbilie kubandika risasi (vipande vya metali nzito) mkiani. Rudisha betri nyuma nusu sentimita, urushe tena. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposimama sawa ukiiinua, kianzie kwenye asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma, kisha endelea kidogo kidogo mpaka ikiwa chali ihitaji elevata (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) kidogo tu.

Nguvu: kwa sarakasi lenga wati 330 kwa kilo au zaidi. Betri ya seli 3 ikitoa volti 11 kwa ampea 35 ni wati 385, inatosha. Ila kidhibiti cha mota kiwe cha ampea 45, tafadhali, si 35. Na betri ifunge mkanda imara, isiteleze angani.