Jibu langu kuhusu ile karatasi ya majina

Mwanangu, nimesikiliza voisi yako zaidi ya mara moja. Unauliza kwa nini Wakongomani wenzenu hapo Marekani mtu akifiwa wanajaa mpaka nje, wanapika, wanachanga, wanalala chini, lakini ukiwaita kwenye chama cha kusaidiana kila mtu anamshuku mwenzake, na ile karatasi ya kuandika jina na kijiji alikotoka hata watu wazima wanaikwepa. Ukasema ni roho mbaya. Hapana baba, sikubali.

1996 vita vya Laurent Kabila vilipoingia Uvira na Fizi, kwetu mashariki mwa Kongo, jina tu lilitosha kukuua. Unasimamishwa njiani, unatoka kijiji gani, baba yako nani, na jibu lililokuokoa hapa ndilo lingekumaliza kizuizi cha mbele. Wengine walitajwa na majirani waliokula nao sahani moja. Hapo watu walifunga mdomo. Ila mikono ungeifungaje, kwenye boti ya kuvuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma mtu usiyemjua ndiye anakushikia mtoto, na wewe unamshikia wake!

Kambini Nyarugusu, kule Kigoma, tukaishi hivyohivyo. Yule mama wa jirani unamkumbuka, siku ya posho nilikuwa nakuacha kwake naenda kupanga foleni, chumvi yangu ni yake, sufuria yake ni yangu, akiugua nampikia uji. Alikuja baada yetu, akasema ametoka mji wa Baraka, kule Fizi. Mumewe alipofariki ndugu zake wakaja matangani kutoka zoni nyingine wakawa wanamwita huyo mama jina ambalo sijawahi kulisikia, kumbe ni mtu wa kijiji cha Makobola, kule walikouawa mamia ya watu mwisho wa 1998 kuingia 1999. Sikumuuliza kitu na wala sikuona kwamba alinidanganya. Niliendelea kumwachia watoto. Hata 2015 Warundi walipomiminika wakalazwa kwenye mashule na makanisa, tuliwapelekea maji, lakini habari za kwao hatukuzichokonoa.

Halafu kambi yenyewe ikaongeza. Intavyuu za kwenda Marekani, unaulizwa jina la babu, tarehe uliyokimbia, mwaka kesho unaulizwa tena, neno likipishana kidogo kesi inakwama. Watu wakaogopa hata mwenzao wa karibu asijue maelezo yao, asije akayapeleka mahali. Familia zilikuwa zinaondoka alfajiri bila kuaga, watu waliozikiana! Hili liliniuma kuliko mengi ya vita.

Kwa hiyo mtu wa kwetu atakupa hela yake ya mwisho na hatakupa jina la kijiji chake. Wewe umeanza na kile anachokificha ndiyo maana wanakimbia.

Achana na hiyo karatasi. Anzeni na mchango wa msiba peke yake, maana huo wanauamini tayari. Hela zihesabiwe na watu watatu mezani mbele ya wote, sio mweka hazina aende nazo nyumbani akahesabu, na siku hiyohiyo mtume kwenye grupu zimeingia ngapi zimetoka ngapi. Anayetaka kuitwa Mama Fulani aitwe hivyo. Kijiji usiulize kabisa, na wala usiwalazimishe wakae na watu wa kabila fulani ili muonekane mmepatana, hilo litakuja lenyewe au lisije.

Na yule mzee aliyetoka nje karatasi ilipomfikia, nenda kwake wewe na mkeo, mpeleke chakula, mkae. Chama usimtajie siku hiyo.