Kujilipia Matibabu ya Akili: Piga Hesabu ya Kozi Nzima, Usiangalie Bei ya Kipindi Kimoja

Mtu anayeamua kujilipia matibabu ya akili katika kliniki binafsi huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza kipindi kimoja cha kukutana na mtaalamu ni bei gani. Nami nilianza hapo nilipougua sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Jibu nililopewa na dada wa mapokezi lilikuwa la kweli, ila halikunisaidia kuamua lolote, kwa sababu hakuna anayepona sonona kwa kipindi kimoja. Kinacholipiwa ni kozi nzima. Tiba ya mazungumzo inayolenga kubadili fikra na mienendo, ambayo hutumika sana kwa sonona na kwa wasiwasi uliopitiliza, kwa kawaida huchukua vipindi kati ya 12 na 20, kimoja kwa wiki, na kila kipindi huwa cha dakika 50 hivi. Dawa za sonona nazo huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajapata nafuu ya kueleweka, na akishaipata hushauriwa aendelee kuzimeza kwa miezi 6 au zaidi ili ugonjwa usirudi. Anayeingia akiwa na fedha za vipindi vitatu, bila mpango wa zitakapotoka nyingine, yuko katika hatari ya kuacha matibabu palepale yanapoanza kufanya kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali miadi, uliza mambo ambayo hayamo katika bei ya kwanza unayotajiwa. Kipindi cha tathmini mara nyingi ni kirefu kuliko vinavyofuata, na hulipiwa zaidi. Ziara fupi ya kukagua dawa inaweza kuwa na bei yake. Ripoti ya kupeleka kazini au kwa kampuni ya bima inaweza kutozwa peke yake. Uliza pia utatozwa nini ukikosa miadi, maana kliniki nyingi hudai malipo kamili usipotoa taarifa saa 24 au 48 kabla. Kanuni hiyo humwumiza zaidi mgonjwa wa sonona, ambaye kuna asubuhi hata kunyanyuka kitandani ni kazi kubwa, na ndiyo sababu napendekeza uulize mapema kama siku ya namna hiyo kipindi kinaweza kufanyika kwa simu.

Jambo lililonisaidia kuliko mengine yote lilikuwa kumweleza mtaalamu hali ya mfuko wangu, waziwazi, tukiwa bado mwanzoni. Nilidhani mazungumzo hayo yangekuwa ya aibu. Nilimwambia, "Daktari, nikija kila wiki fedha nilizo nazo zitaisha kabla hatujafika nusu ya safari." Akaweka kalamu chini, akanijibu, "Afadhali umeniambia leo. Wengi huacha kuja tu, na mimi hubaki sijui kama wamepona au wamezidiwa." Tukapanga palepale: kila wiki wakati hali yangu ilipokuwa mbaya, kisha kila baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi, na katikati ya vipindi nifanye kwa uaminifu mazoezi ya kuandika aliyonipa. Mpango wa namna hiyo ni wa kawaida katika fani yao. Ulichofanya kwangu ni kuyafanya matibabu yatoshe ndani ya pato nililokuwa nalo, na kuniondolea hofu ya kila mwisho wa mwezi, ambayo yenyewe ilikuwa inanirudisha nyuma.

Linalofuata ni kumchagua mtu sahihi wa kumlipa. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili kwa kawaida ni ghali kuliko mwanasaikolojia au mshauri nasaha, na si kila mgonjwa anamhitaji kila wiki. Anahitajika pale panapotakiwa dawa, pale ugonjwa haujatambulika vizuri, au mgonjwa anaposikia sauti, anapochangamka kupita kiasi na kukosa usingizi bila kuchoka, au anapofikiria kujiua. Kazi ya kuzungumza wiki baada ya wiki inaweza kufanywa vizuri na mwanasaikolojia. Kabla ya wote hao, daktari wa kawaida anaweza kukuokolea fedha nyingi, kwa kuwa tezi ya shingoni inapofanya kazi chini ya kiwango, au damu inapopungua, mtu anaweza kuchoka, kukosa hamu na kuonekana kama ana sonona, na kipimo cha damu kikalibainisha hilo mapema. Yeyote utakayemchagua, hakikisha amesajiliwa na chombo kinachosimamia taaluma yake, kwa sababu katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu asiye na mafunzo kujiita mshauri.

Kuhusu dawa, habari ni njema kuliko wengi wanavyodhani. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa jina la kibiashara la Prozac, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na haki za kuitengeneza ziliacha zamani kuwa za kampuni moja. Mwombe daktari aandike jina la kitaalamu la dawa badala ya jina la kibiashara, kisha mwulize mfamasia ile ya bei nafuu yenye kiambato hichohicho. Palipo na tahadhari ni kwenye gharama zinazoifuata dawa. Lithiamu, kwa mfano, yenyewe si ghali, lakini anayeitumia kwa ajili ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, lazima apimwe damu mara kwa mara, kujua kiwango cha dawa mwilini na hali ya figo na tezi. Vipimo hivyo viwekwe katika hesabu tangu siku ya kwanza. Na kamwe usipunguze dozi au kuruka siku ili vidonge vidumu zaidi: dawa nyingi za sonona zikikatizwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, hasira na usingizi wa mang'amung'amu, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Zikikaribia kuisha na huna fedha, mpigie daktari aliyekuandikia.

Wenye bima wasome mkataba kwa utulivu, na ikiwezekana wasome na mtu mwingine, kwa maana akili iliyochoka huruka mistari. Angalia kama kuna muda wa kusubiri kabla afya ya akili haijaanza kugharamiwa, kama ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiunga umeondolewa, idadi ya vipindi kwa mwaka, na kama kibali kinahitajika kabla ya kuanza. Fahamu pia kwamba dai la bima huambatana na jina au namba ya ugonjwa katika orodha ya kimataifa, kama F32 kwa sonona. Kama bima inalipwa na mwajiri, uliza nani ataiona taarifa hiyo. Nawafahamu watu walioamua kujilipia wenyewe kwa sababu hiyo tu, na siwalaumu hata kidogo.

Fedha zikishaanza kutoka, una haki ya kujua kama zinaleta matokeo. Mimi nilitumia dodoso la kupima ukali wa sonona liitwalo PHQ-9, ambalo ni la bure, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake huanzia 0 hadi 27. Nililijaza kabla ya kuanza, kisha kila baada ya vipindi kadhaa, na karatasi zote nikazihifadhi katika faili moja na stakabadhi zangu. Alama zikishuka kwa nusu, wataalamu huhesabu kwamba tiba imeitikiwa. Zikiwa chini ya 5, dalili zimeisha au zimebaki chache sana. Kama baada ya vipindi sita au vinane hakuna kinachobadilika, lizungumzeni: pengine mbinu haifai, pengine dawa inahitajika, pengine kinachohitaji msaada ni ndoa au kazi. Kuomba kubadilishiwa mtaalamu si utovu wa adabu.

Kulazwa ndiko kunakomaliza akiba za familia. Ulizeni kama bei ya siku inajumuisha ziara za daktari, dawa na vipimo, na malipo ya awali yanarudishwaje mgonjwa akiruhusiwa mapema. Lakini nawasihi ndugu wasimwage fedha zote wodini. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ni za hatari kubwa ya mgonjwa kujidhuru, kwa hiyo fedha ya miadi ya ufuatiliaji na ya dawa itengwe kabla ya kulipa amana, na miadi hiyo iwe na tarehe kabla mgonjwa hajatoka getini.

Fedha zikiisha kabisa, bado kuna njia. Wapo wataalamu wanaopunguza ada kulingana na kipato cha mgonjwa, ila wengi wao hawatangazi, hivyo lazima uombe. Tiba ya kikundi huwa nafuu kuliko ya mtu mmoja. Vyuo vinavyofundisha wanasaikolojia aghalabu huwa na kliniki ambamo wanafunzi wa ngazi za juu hutibu wakisimamiwa na walimu wao. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa mpango wa vipindi vitano unaoweza kuendeshwa na wahudumu wasio wataalamu waliofundishwa, na mashirika kadhaa ya misaada huutoa bure. Mtu anayefikiria kujiua hatakiwi kungoja lolote kati ya hayo: apelekwe kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, na habari za malipo zijadiliwe akiwa salama.

Ukilazimika kuhamia hospitali ya umma, omba barua ya muhtasari yenye utambuzi wa ugonjwa, dawa ulizotumia na dozi zake, zipi zilishindwa na kwa nini, na mlipofikia katika tiba ya mazungumzo. Iombe mapema, wakati bado una kipindi kimoja ulichokilipia, ili muisome pamoja na kurekebisha kilichoachwa, kwa sababu kila kisichoandikwa humo utalazimika kukisimulia upya kwa mtu usiyemjua.